Sauti Iliyokuwa Ikipumua

Yusuf Lali alizikwa Kudhaa mwezi uliopita. Habari zilinifikia Mombasa nikiwa kazini, hedifoni masikioni, nikitengeneza sauti ya kinanda kwa ajili ya tangazo la sabuni. Nilivua hedifoni, nikaziweka mezani. Mwenzangu wa studio akauliza marehemu alikuwa nani wangu. Nikasema ndugu. Kisha nikasema hapana, ni mtoto wa mwalimu wangu. Jibu la kweli lilikuwa refu mno: huyo ndiye niliyemwogopa kuliko watu wote nilipokuwa msichana, na ndiye aliyenipa sehemu ya mwisho ya kitu nilichokuwa nimekitafuta mwaka mzima. Watu wakisikia kwamba najua kuzirudisha sauti za vinanda vya umeme vya zamani, zile sauti nene za bendi zilizochanganya jazi, fanki na ngoma za pwani, hudhani nilisomea mahali. Nilisomea katika stoo ya nyavu Kismayo, enzi ambayo mtu akikutwa na muziki huko alichapwa viboko hadharani.

Nilikuwa na miaka ishirini hivi. Nililetwa mjini Kismayo kutoka kisiwa chetu cha Kudhaa kumsaidia Bi Mwanamize kumuuguza mumewe, Ami Lali, aliyepigwa na kiharusi. Mkono wake wa kushoto ulilala, mdomo ukaenda upande, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kama mtu anayetoa miba ya samaki kinywani. Mimi nilimjua kama mzee mpole aliyeuza kamba na rangi za mashua karibu na bandari. Mengine niliyajua kwa kusikiliza. Asubuhi moja nilikuwa jikoni nageuza mikate ya anjera, na Bi Mwanamize alikuwa barazani na jirani yake wakichambua mchele. Walikuwa wakizungumzia arusi ya mtaa wa pili, na vugo, ile ngoma ya wanawake ya kugonga pembe. "Pembe za vugo zimefungwa ndani ya kanga, zimetiwa chini ya kitanda," alisema jirani. "Wanawake wapiga vugo kwa vidole, magotini. Midomo imefumbwa. Bibi arusi alia, wala halii kwa kuacha kwao, alia kwa haya." Mchele ulisikika kwenye ungo. Kisha jirani akashusha sauti. "Na huyu wako, na vinanda vyake vile vya bendi ya hotelini?" Bi Mwanamize akajibu upesi, "Vilikwenda na vita. Imebaki kanda moja tu. Na usiitaje hapa, maana mwanangu akiijua ataichoma."

Mwanawe ni Yusuf. Alikuwa amejiunga na vijana wenye bunduki waliokuwa wakiutawala mji. Walipiga marufuku muziki kwenye magari, kwenye arusi, hata mlio wa simu. Kanda walizozikamata walizipasua, wakautoa utepe wake na kuuzungusha kwenye nguzo za njia panda, ukawa ukimetameta juani. Sikuelewa wakati ule kwa nini Yusuf aliwafuata. Leo nadhani naelewa kiasi. Mbajuni kama sisi, mnyonge katika mji ule wa Wasomali, alizoea kupita kando ya ukuta. Yusuf alipopewa bunduki akaanza kupita katikati ya barabara. Alikuja nyumbani kula mchana, akaegemeza bunduki kwenye pipa la maji, na mama yake akampakulia wali na papa bila kumtazama usoni. Baba yake alikula chumbani. Tangu Yusuf achukue bunduki ile, Ami Lali hakumwambia neno, na kiharusi kilipomjia, watu walisema ni kimya kile kilichompasua kichwa.

Stoo ya nyavu ilikuwa nyuma ya nyumba, na dirisha moja la mbao lililotazama kichochoro. Bi Mwanamize aliniagiza nimpeleke Ami huko kila siku baada ya adhuhuri, watu wanapolala, nimkande mkono kwa mafuta ya nazi. Humo mlikuwa na kompyuta iliyoachwa na mpwa wake aliyekwenda ng'ambo, na redio ya kanda iliyovunjika kishikio. Siku moja, nikiwa namkanda, Ami alinyoosha mkono mzima na kuelekeza kidole kwenye rundo la nyavu. Nikachimba chini yake, nikatoa kanda iliyofungwa kwenye mfuko wa nailoni. Haikuwa na jina. Nikachomeka hedifoni kwenye redio, kipande kimoja nikampa yeye, kingine nikatia sikioni mwangu. Nilisikia pembe za vugo kwanza, halafu gita la besi likitembea chini yake, halafu sauti ya mwanamke, halafu ikaingia sauti ambayo sikuwahi kuisikia duniani. Haikuwa filimbi wala zumari, ila ilikuwa na pumzi. Ilipanda, ikateleza kutoka noti moja hadi nyingine kana kwamba sakafu imepakwa mafuta, ikayumba, ikasimama tena. Ilipofika pale mtu anapongoja izidi kupanda, kukawa na mkwaruzo, kimya, kisha ngoma zikaendelea bila kinanda. Utepe ulikuwa umetafunwa. "Mimi," alisema Ami Lali, akijigusa kifua. Kisha akagusa kichwa, akatikisa. Ile sehemu iliyotafunwa haikuwemo kwenye kanda, na baada ya kiharusi haikuwemo kichwani mwake pia.

Hivyo ndivyo tulivyoanza. Ndani ya kompyuta mlikuwa na programu ya bure yenye picha ya kinanda cha zamani na vifundo vyake: huku unachagua wimbi la sauti, hapa chujio la kupunguza ukali, pale unaamua sauti iinuke haraka au polepole, izime ghafla au ijikokote. Kwa kupiga noti nilitumia herufi za kompyuta, ambazo zilibonyea bila kelele. Mtu aliyetuchungulia angemwona msichana anachapa maneno na mzee amefumba macho. Kwa tahadhari nilifungua dirisha la visomo vya Kurani pembeni, ili mtu akiingia nibonyeze mara moja kibadilike kilicho kwenye kioo. Muziki wote wa mwaka ule niliusikia hivyo, ndani ya sikio moja, moyo ukiwa mlangoni.

Ami hakuwa na maneno mengi, na hayo machache hayakuwa ya kitabuni. Nilichagua wimbi lenye meno kama msumeno, akakunja uso. "Puani." Nikakaza chujio. "Blanketi." Nikalegeza. "Puani." Nikaongeza wimbi la pili juu ya lile la kwanza, nikalikosesha kidogo lisilingane na mwenzake, na hapo sauti ikanenepa. Akainua kidole. "Mafuta," alisema, na kwake hiyo ilikuwa sifa. Tulikaa juma zima kwenye namna noti moja inavyoanza, kama inabisha hodi au inaingia tu. Nilipochoka nilicheza kipande cha kanda, kisha changu, kanda, changu, mpaka nikaanza kusikia vitu ambavyo mwanzoni havikuwapo. Nadhani ni hapo nilipopata masikio. Kabla ya hapo nilikuwa na matundu mawili tu kichwani.

Kilichotushinda ni ile kuyumba. Sauti ya kwenye kanda ilikuwa ikilegea na kujirudi, kama mtu anayepumua usingizini. Nikaiga kwa kifundo cha kuitikisa sauti. Ami akatikisa kichwa. "Feni hiyo." Kweli, yangu iliyumba sawasawa, kama feni la dari, yake haikuwa na mpangilio. Nikafikiri labda utepe wa kanda umelegea. Lakini nilipomsikiliza yule mwimbaji, sauti yake ilikuwa imesimama wima. Kama kanda ingekuwa na kasoro, na mwimbaji angeyumba. Aliyekuwa akiyumba ni kinanda peke yake.

Katikati ya shughuli hiyo ndipo Yusuf alipokuja mlangoni mwa stoo mchana mmoja. Sikusikia hatua zake. Nilipoinua macho alikuwa amesimama, bega kwenye fremu, na nilikuwa nimeshabonyeza. "Mwafanya nini humu kila siku?" aliuliza. Nikasema namnyoosha Ami mkono, na tunasikiliza visomo. Aliinama, akachukua kile kipande cha hedifoni kilichokuwa kimetoka sikioni mwangu, akakitia kwenye sikio lake. Kisomo kilikuwa kikiendelea, alhamdulillahi. Alisikiliza kwa muda mrefu kuliko nilivyotaka. Ami Lali alitazama ukuta. Yusuf akakirudisha kipande mkononi mwangu, akatazama vidole vyangu, akasema, "Mbona havina mafuta?" Akaenda zake. Usiku ule Bi Mwanamize aliniambia niache. Asubuhi yake, mwenyewe akamleta Ami stoo akimshika kwapa, akamkalisha, akasema kwa Kibajuni, "Huyu mchu akikaa chumbani bila hicho chenu, hali chakula. Haya, kandaneni."

Ni Bi Mwanamize huyo huyo aliyetufungulia lile fumbo, tena bila kujua. Umeme wa mtaani ulikuwa wa jenereta ya mtu binafsi, na siku hiyo, alipokuwa ametuletea chai ya tangawizi, taa ya stoo ikafifia ghafla, ikabaki nyekundu, kisha ikajikokota mpaka ikawaka vizuri. "Wamewasha mashine ya barafu huko," alisema. "Kama vile hotelini. Friji la samaki likishtuka tu, na nyinyi jukwaani mwageuka mizimu." Ami Lali aliacha kikombe. Nusu ya uso wake iliyo hai ikacheka, na mkono wake mzima ukanipiga gotini mara nyingi. "Friji!" alisema, kisha akaniita kwa jina. "Friji, Somoe!" Kinanda chake kilikuwa kikinyimwa umeme kila friji lilipowaka, kikalegea, kikajivuta kurudi, naye alikuwa amejifunza kupiga kwa kuifuata ile kulegea badala ya kupigana nayo. Nikaacha kifundo. Nikaichora ile kuyumba kwa mkono: ianguke ghafla, ipande polepole, isirudi kwa wakati inaotegemewa. Nikacheza. Ami hakusema mafuta wala puani. Machozi yalimtoka kwa jicho moja, na nikageuka nikajifanya natafuta kitambaa.

Furaha ile ndiyo iliyotuponza. Siku iliyofuata aliomba sauti ya juu, kwa kuwa masikio yake yalikuwa mazito, nami nikaipandisha mpaka mwisho. Nilikuwa nacheza kile kipande chote hadi kwenye pengo, na yeye akiwa amefumba macho alianza kuongoza bendi yake kwa mkono, akaupeleka juu, na waya wa hedifoni ukachomoka kwenye kompyuta. Sauti ikajaa stoo. Ikatoka dirishani. Nadhani haikuchukua muda wa kuvuta pumzi kabla sijaizima, lakini mchana ule kichochoro kizima kilikuwa kimya, ikasikika mbali. Kisha nikasikia mtu akiita kwa Kisomali, "Waryaa!" yaani "Wewe!", na viatu vikikimbia.

Waliingia wawili. Wa mbele alikuwa kijana mrefu kutoka bara ambaye sikumjua, na nyuma yake Yusuf. Yule mrefu alinielekezea bunduki, akauliza kwa Kisomali nani anapiga muziki. Ami Lali akajigusa kifua. "Mimi," alisema, kama alivyoniambia ile siku ya kwanza. Kijana akamshika shingo ya kanzu. Bi Mwanamize alikuwa mlangoni, mikono kichwani. Ndipo Yusuf akampita mwenzake, akaiona redio, akaifungua, akatoa kanda. "Hii hapa," alisema. "Ni takataka ya zamani. Mzee mgonjwa, hana akili." Akaipiga kwenye pembe ya meza, ikapasuka, akaingiza kidole na kuanza kuvuta utepe. Aliuvuta mbele ya baba yake, pima kwa pima, ukawa unaanguka miguuni kama nywele. Sikuwahi kuona uso kama aliokuwa nao Yusuf. Yule mrefu akaachia kanzu, akacheka, akasaidia kuvuta. Walipoondoka walichukua na kompyuta, na nakala za kanda na za sauti yetu nilizokuwa nimezihifadhi humo zikaenda nayo. Mlangoni Yusuf aligeuka, akasema kwa Kibajuni, haraka, ili mwenzake asielewe: "Kesho asubuhi msiwe hapa."

Tulihamia Kudhaa kwa boti ya mashine, tukiwa tumemfunika Ami turubai kama mzigo. Huko kwetu tulikuwa huru kiasi, lakini kitu chenyewe hakikuwapo tena. Ami alikula kwa kulazimishwa, kijiko viwili tu. Alikaa kwenye kiti cha kamba akitazama ua, na siku zikapita. Mimi nilikuwa nikitwanga, nikiteka maji, na kichwani nikirudia: wimbi la msumeno, la pili likose kidogo, chujio nusu, ianguke ghafla, ipande polepole. Niliogopa kusahau kuliko nilivyoogopa bunduki. Baada ya miezi kaka yangu alinitumia kompyuta kuukuu kutoka Lamu, na betri ya sola ya kuichaji. Nikaitafuta tena programu ile, nikaanza upya bila kanda ya kulinganisha. Nilichokuwa nacho ni masikio tu. Siku niliyoipata, Ami aliinua kichwa na kusema, "Friji," na jioni ile akala mpaka akashiba.

Yusuf alitokea mwisho wa mwaka huo. Alikuja kwa miguu kutoka ufukweni, mchana mweupe, bila bunduki, amekonda, kitambaa kimefungwa kwenye paja na damu imekauka. Nyumba kwa nyumba watu walifunga milango. Kama amewatoroka wenzake, watamfuata, na watakaomfuata hawatachagua nyumba. Kama hakuwatoroka, basi ametumwa. Wazee wawili walimjia Bi Mwanamize uani wakamwambia kijana asilale kisiwani. Aliwasikiliza, akasema, "Nimewasikia, baba zangu. Kwanza ale." Akamwekea mkate wa mofa na mchuzi wa papa. Yusuf alikula akitazama lango, mkono mmoja kwenye sahani na mwingine sakafuni, tayari kuinuka. Baba yake alikaa upande wa pili wa ua, ameugeuza uso.

Nilimpelekea maji. Nilikuwa na swali moja tangu siku ile, nikamuuliza kwa sauti ya chini. "Kwa nini uliivuta ile kanda?"

"Nisingeivuta ile, wangewavuta nyinyi."

"Basi ulituokoa."

Alichovya mkate kwenye mchuzi. "Usiseme hivyo. Nilipokuwa naivuta, nilifurahi pia. Nyumba ile nzima ilikuwa ya kinanda. Mimi nilikuwa mtoto wa kuambiwa nyamaza, Baba anafanya mazoezi."

Lango lilikuwa limefungwa, Bi Mwanamize amekaa nalo mgongoni, na kila mtu alikuwa akisikiliza nje. Nikarudi kwenye kompyuta yangu kwa sababu mikono ilihitaji kazi. Sikuvaa hedifoni. Nilicheza kile kipande kwa sauti ndogo, kutoka mwanzo, kikalegea, kikajirudi, kikapanda mpaka pale kinapokatika. Nikaacha, kama nilivyoacha mara zote.

Nyuma yangu mtu akapiga mluzi. Ulianza pale pale nilipoachia, ukateleza kwenda juu, ukazunguka mara mbili, ukashuka. Niligeuka. Yusuf alikuwa bado ameshika tonge, macho yake kwenye lango, na nadhani mwenyewe hakujua kwamba mluzi umemtoka. Mtoto aliyekuwa akiambiwa nyamaza alikuwa ameusikia wimbo ule kila siku ya utoto wake, na ulikuwa mzima ndani yake, ile sehemu iliyotafunwa na yote.

Ami Lali alikuwa amegeuza kiti. Sijui alikigeuzaje kwa mkono mmoja.

"Hapo," alisema, kama mtu aliyekumbushwa alichosahau. Lilikuwa neno la kwanza kumwelekezea mwanawe tangu achukue bunduki. Maneno yalikuwa yakimtoka kwa shida, na hakuna aliyemsaidia. "Hapo. Umekosea."

Yusuf aliweka tonge chini. "Wapi, Baba?"

"Mwisho. Usishuke." Aliinua mkono mzima, akaupeleka juu ya kichwa chake. "Panda."

Yusuf alifuta mdomo kwa kiganja. Akapiga mluzi tena kutoka mwanzo wa pengo, taratibu, akitazama mkono wa baba yake, na safari hii mwishoni hakushuka. Nami nikaweka vidole kwenye herufi, nikamfuata.